Kabla ya Kutaja Figo: Niliyojifunza kwa Mapromotora wa Los Angeles

Kazi ya promotora Mtanzania ataielewa mara moja. Ni mtu wa mtaani, mara nyingi mama wa makamo, anayepita nyumba kwa nyumba akizungumza na majirani kuhusu chanjo, sukari, presha na kliniki ya wajawazito. Kwetu ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Los Angeles anaitwa promotora de salud, na kazi yake ilikua miongoni mwa vibarua wa mashambani kutoka Mexico na Amerika ya Kati, watu ambao hospitali haikuwafikia na wao hawakuiamini. Tangu Julai 2022 hata Medi-Cal, bima ya serikali ya California kwa wenye kipato kidogo, hulipia huduma za wahudumu hawa. Kabla ya hapo wengi walijitolea, au walipokea posho iliyokoma kila mradi ulipofungwa.

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga. Kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu Los Angeles ni kuwafundisha mapromotora namna ya kuzungumza na majirani zao kuhusu kuchangia viungo vya mwili baada ya kufa. Nasema nawafundisha kwa sababu ndivyo mkataba ulivyoandikwa. Mengi ninayoyaandika hapa wao ndio walionifundisha.

Chanzo cha mafunzo ni figo. Marekani ina zaidi ya watu 100,000 kwenye orodha ya taifa ya kusubiri kiungo, na zaidi ya wanane katika kila kumi wanasubiri figo. Karibu mmoja katika kila watano ni Mlatino. Ugonjwa unaoongoza kuharibu figo ni kisukari, presha inafuata, na yote mawili utayakuta karibu kila nyumba ukipita Boyle Heights au Pacoima, mitaa ya Walatino hapa Los Angeles. Mgonjwa huenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa tatu hadi nne, na Los Angeles kusubiri figo ya marehemu huweza kufika miaka minane hata kumi. Marehemu mmoja anaweza kuokoa hadi watu wanane. Promotora hahitaji kusomewa hayo. Kila mmoja ana shemeji, comadre (mama mwenzake wa ubatizo, au shoga wa karibu) au jirani aliye kwenye mashine, na yeye ndiye anayempelekea chakula jioni.

Mpango wa mafunzo niliokabidhiwa ulianza na takwimu na kuishia na fomu ya kujiandikisha. Katikati ulikuwa na orodha ya imani potofu, kila moja na jibu lake la mstari mmoja. Imani: madaktari watakuacha ufe wakijua umejiandikisha. Jibu: si kweli. Imani: viungo huibwa na kuuzwa. Jibu: si kweli, sheria ya mwaka 1984 inakataza. Majibu yote yalikuwa sahihi. Lakini kundi la kwanza lilipoyasoma chumba kizima kilinyamaza, na unyamavu ule ulikuwa wa adabu tu, kama wa mgeni aliyekaribishwa chakula asichokila.

Aliyeuvunja alikuwa mama kutoka Ayacucho, Peru. Alisema milimani kwao kuna pishtaco, mgeni mweupe anayewavizia wasafiri wa usiku, akawaua na kuchukua mafuta ya miili yao. Bibi yake hakuwahi kumruhusu kwenda kisimani peke yake kwa ajili hiyo. Akafuata mama wa Guatemala. Alikumbuka mwaka 1994, nchi nzima ilipovuma kwamba wageni wanaiba watoto ili wauze viungo vyao; mwezi Machi mwaka ule, mji wa San Cristóbal Verapaz, umati ulimpiga mtalii mwanamke kutoka Marekani nusura afe. Wamexico wakaongeza habari za wezi wa watoto, robachicos. Kila mmoja alisema kwa sauti ya chini, akinitazama kuona kama nitamdharau.

Ningemdharau vipi? Mimi nimelelewa na mumiani. Nani aliyekulia pwani asiyejua habari za gari linalopita wakati wa magharibi, likimkuta mtoto barabarani linamchukua, anakamuliwa damu ikatengenezwe dawa? Wazee wa Nairobi na Kampala walikuwa na wazimamoto, waliosemwa kunyonya watu damu tangu siku za mkoloni. Niliwasimulia yote. Mama wa Ayacucho akauliza kama mumiani naye alikuwa mgeni. Nikamwambia ama ni mgeni, ama ni mwenzetu aliyetumwa na mgeni. Akatikisa kichwa kama anayesikia habari za ndugu. Kuanzia hapo tukawa tunaongea.

Bibi yangu hakuwa mjinga. Aliishi wakati ambapo mtu mwenye sare aliweza kuja kijijini akamchukua mwanao kazini, vitani au hospitali, bila kukuuliza na bila kukueleza. Hadithi ya mumiani ndiyo iliyohifadhi kumbukumbu hiyo. Na Los Angeles yenyewe ina kisa cha namna hiyo ambacho si uvumi hata kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika hospitali kubwa ya kaunti, wanawake wenye asili ya Mexico waliokuja kujifungua walifungwa kizazi. Baadhi walipewa fomu za Kiingereza wasizoweza kusoma, wakasaini katikati ya uchungu wa kuzaa. Wengine hawakujua walichofanyiwa hadi baadaye sana. Kumi kati yao walikwenda mahakamani mwaka 1975 katika kesi inayojulikana kama Madrigal dhidi ya Quilligan, na mwaka 1978 wakashindwa. Kaunti iliomba radhi rasmi mwaka 2018. Mwanamke aliyekuwa na miaka ishirini na tano wakati ule sasa ni bibi wa familia, na kwenye mkutano wa ukoo neno lake ndilo zito kuliko yote. Promotora anapogonga mlango kuzungumzia kusaini karatasi ya hospitali, bibi huyo yuko ndani anasikiliza.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya mafunzo haina takwimu tena. Tunakaa duara, kila mmoja anasimulia aliyoyasikia utotoni na aliyoyaona hospitalini, na mimi sijibu kitu. Kisa cha Madrigal tunakisoma pamoja. Wapo wakufunzi wenzangu wanaoona ni hatari, kwamba tunapanda hofu tunayotaka kuiondoa. Mimi nimeona kinyume chake. Promotora aliyesikilizwa hofu yake mpaka mwisho ndiye anayeweza kumsikiliza jirani mpaka mwisho, na asiyesikilizwa hukimbilia kujibu.

Kifo cha ubongo ndicho kinachochukua muda mrefu, na ndivyo inavyostahili. Swali huja kwa sura moja popote uendapo: moyo unapiga, mwili una joto, kifua kinapanda na kushuka, mnaniambiaje amekufa? Kwa maoni yangu, promotora asiyeweza kulijibu kwa utulivu, bila kusoma mahali, bado hajawa tayari kutumwa mtaani.

Tunaanza na moyo wenyewe. Moyo una umeme wake, hupiga bila kuamrishwa na ubongo, ilimradi hewa safi inafika. Kupumua si hivyo. Kupumua kunaamrishwa na shina la ubongo. Mtu akiumia vibaya kichwani au mshipa ukipasuka, ubongo huvimba, na fuvu halitanuki, kwa hiyo hufika wakati damu haiwezi kupanda tena. Ubongo wote hufa. Mashine ikiendelea kusukuma hewa kifuani, moyo huendelea kwa muda. Madaktari hupima: wanamulika mboni za macho, wanagusa koo kuona kama atakohoa, wanaangalia kama mwili unaitikia maumivu. Mwisho hutenga mashine ya kupumulia kwa dakika kadhaa, huku oksijeni ikipitishwa kwenye mrija, waone kama atavuta pumzi hata moja mwenyewe. Sheria ya California inataka daktari wa pili athibitishe peke yake, na hao wawili hawaruhusiwi kushiriki katika kutoa wala kupandikiza viungo. Mtu aliye kwenye koma ni habari nyingine kabisa. Yuko hai, ubongo wake una damu, anaweza kuamka.

Hapo ndipo lilipokuja swali la mama mmoja mlokole. Aliuliza, kwa upole kabisa, itakuwaje kama Mungu ametaka kumwamsha na sisi tumeshaizima mashine. Niliacha wenzake wajibu. Aliyejibu ni doña mmoja, yaani bibi wa kuheshimiwa, wa Michoacán, Mexico, ambaye hadi siku hiyo alikuwa kimya. Alisema, “Comadre, Mungu akitaka kumwamsha mtu hahitaji mashine.” Kisha akasimulia la kwake. Miaka ya nyuma kaka yake alipigwa na kiharusi. Kwenye korido ya hospitali daktari alizungumza Kiingereza kwa haraka, na aliyewatafsiria alikuwa mjukuu wa miaka kumi na minne. Mtoto yule ndiye aliyepewa kazi ya kuwaambia wakubwa wake kwamba babu amekufa lakini moyo unapiga, na kwamba kuna watu wanaomba viungo vyake. Familia ilikataa palepale. Doña alisema hajutii kukataa, kwa sababu kwa yale waliyoelezwa siku ile hakuna mwenye akili ambaye angekubali.

Hadithi yake naihesabu kuwa na uzito kuliko kitabu chochote cha mafunzo nilichowahi kushika. Tangu siku hiyo kila promotora tunayemfundisha anajua kumwambia jirani mambo matatu ya kudai hospitalini: mkalimani mtu mzima aliyesomea kazi hiyo, maelezo ya hali ya mgonjwa kwanza kabla ya neno lolote la viungo, na muda. Muda ni haki. California ina sheria inayoilazimu hospitali kuipa familia nafasi ya kukusanyika kabla mashine haijaondolewa. Anajua pia kwamba kwa kanuni za mwaka 1998 za Medicare, bima ya serikali kuu kwa wazee, anayekuja kuzungumza na familia habari za kuchangia lazima awe amefundishwa kazi hiyo. Haya yanamfaa hata jirani atakayekataa.

Mambo ya dini yalikuwa mepesi kuliko nilivyotarajia. Wakatoliki wengi walitulia waliposikia kwamba Papa Yohane Paulo II, tarehe 29 Agosti 2000 mjini Roma, aliwaambia wataalamu wa upandikizaji kwamba kuchangia ni tendo la kweli la upendo. Swali lililobaki lilikuwa la mwili. Mkesha wao, velorio, huwa na jeneza lililofunguliwa, watu wakipita kumuaga marehemu, halafu sala za siku tisa. Je, ataonekana? Ataonekana. Mwili hushonwa kama baada ya operesheni yoyote, huvishwa nguo zake. Gharama za kutoa viungo familia hailipi, ila mazishi yanabaki mikononi mwake, na hilo lazima lisemwe wazi wasije wakadhani vinginevyo.

Swali gumu zaidi kwangu mimi ni lile ambalo waandaaji wengi wangependa lisiulizwe. Sisi tunaombwa kutoa. Je, tukiugua tunapewa? Asiye na karatasi za uhamiaji anaweza kuchangia viungo bila tatizo. Kanuni za orodha ya taifa hazimzuii kupokea pia. Lakini hospitali haimuingizi mtu kwenye orodha mpaka ijue nani atalipia operesheni na dawa za maisha yote zinazofuata, kwa hiyo asiye na bima alibaki mlangoni. Mwaka 2012, mtaa wa Little Village, Chicago, wahamiaji waliokuwa wakihitaji kupandikizwa viungo na jamaa zao waligoma kula kwa ajili ya jambo hilo. Illinois ikapitisha mwaka 2014 sheria ya kuwalipia upandikizaji wa figo. California ilifungua Medi-Cal kwa wasio na karatasi wa miaka 50 na zaidi Mei 2022, na kwa watu wazima wote waliobaki Januari 2024. Januari 2026 mlango huo umefungwa tena kwa watu wazima wapya.

Nasisitiza promotora ayajue haya kwa tarehe zake na ayaseme. Akiulizwa kuhusu matajiri pia aseme kweli. Pesa na umaarufu havikupandishi kwenye orodha. Kinachohesabiwa ni kundi la damu, ukubwa wa mwili, ukali wa ugonjwa, muda wa kusubiri na umbali. Ila mwenye uwezo anaweza kujiandikisha kwenye zaidi ya mji mmoja na kufika haraka akiitwa. Steve Jobs aliishi California na akapata ini Memphis, Tennessee, mwaka 2009. Jirani ataisikia habari hiyo siku moja, na heri aisikie kwa promotora wake. Nimeona watu wakikunja uso kwa hasira kwa jibu hilo, kisha wakaendelea kuuliza maswali. Hasira ya namna hiyo naipokea, ni haki yao. Na wapo waliosema hawatajiandikisha mpaka mlango ufunguliwe tena. Promotora aliyewasikia aliwashukuru, akarudi wiki iliyofuata kuwapima sukari kama kawaida.

Sehemu ya mazoezi ndiyo yenye furaha. Tunacheza lotería, mchezo wa kadi za picha unaojulikana kwa kila mtoto wa Mexico, na wenyewe wamebuni kadi zao: figo, ini, pafu, leseni ya udereva. Kadi ya moyo haikuhitaji kubuniwa, ipo tangu zamani. Kila anayeitiwa kadi lazima aulize swali moja kabla ya kuweka harage lake. Kisha tunaigiza mazungumzo ya mezani. Igizo linalopendwa ni la binti aliyerudi kutoka ofisi ya leseni akiwa na kile kidoti cha waridi kwenye leseni ambacho California humwekea mchangiaji. Baba anakasirika: nani amekuruhusu? Hapo watu hujifunza kitu ambacho karibu hakuna aliyekijua. Mwenye miaka 18 na zaidi akijiandikisha, uamuzi wake unasimama kisheria. Familia huarifiwa, haiombwi ruhusa. Wa chini ya miaka 18 anaweza kujiandikisha, ila wazazi ndio wenye neno la mwisho.

Kwa familia za Kilatino sheria hiyo ni nzito kumeza. Mambo makubwa huamuliwa na wote, na baba anayegundua uamuzi wa bintiye siku ya msiba hujiona amevuliwa ubaba wake. Ndiyo maana promotora wetu hatembei na fomu katika ziara ya kwanza. Anachoomba ni kwamba wenye nyumba wazungumze wenyewe, siku ambayo hakuna mgonjwa, wakiwa wameshiba, na kila mmoja aseme anachotaka. Atakayesema hapana naye ameirahisishia familia yake kazi.

Na promotora asilipwe kwa idadi ya saini. Niliwahi kuona pendekezo la namna hiyo, lenye jedwali na malengo ya kila mwezi, nikalipinga kwa nguvu zangu zote. Mama huyu ana mali moja, nayo ni kwamba majirani humfungulia mlango. Siku watakapojua kila saini ina bei yake, hofu ya kwamba viungo vinauzwa itakuwa imepata ushahidi, na utakuwa umemharibia hata kazi yake ya chanjo.

Kundi linaloanza sasa lina wanawake wa Kizapoteki, wenyeji wa asili wa Oaxaca, kusini mwa Mexico, na Los Angeles ina Wazapoteki wengi sana. Kihispania kwao ni lugha ya pili, kwa wazee wengine si lugha yao kabisa. Mkalimani wa Kihispania ambaye doña wa Michoacán alimkosa, kwa hao hafai kitu. Tunatafuta wakalimani wa Kizapoteki, na lahaja zake ni nyingi kiasi kwamba mtu wa bonde hili huenda asimwelewe wa mlima ule.

Nyumbani huniuliza kama mafunzo haya yanaweza kuletwa. Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Lakini huko anayetoa figo ni ndugu aliye hai, kwa hiyo mengi niliyoyaeleza kuhusu kifo cha ubongo hayana kazi bado. Kilicho karibu zaidi ni mpango wa Chicago, wa hospitali ya Northwestern, ulioanza mwaka 2006 kwa ajili ya Walatino: familia nzima hukaa na madaktari na wauguzi wanaozungumza Kihispania, na wanaotaka kuchangia wakiwa hai huulizwa kila mmoja peke yake, mbali na wengine. Hilo la mwisho ningelianza nalo Tanzania. Hapa Marekani wanawake ndio wengi miongoni mwa wanaotoa figo wakiwa hai, na kwenye ukoo wetu najua ni nani angetazamwa kwanza. Mke, au dada asiyeolewa. Mhudumu wa Tanga au Dodoma atalazimika kujua namna ya kumwuliza dada huyo akiwa peke yake, na akisema hapana, namna ya kuhakikisha kaka zake hawajui kuwa jibu hilo lilitoka kwake. Mapromotora hawana uzoefu wa hilo wa kunipa. Nimeanza kuwauliza wauguzi wa nyumbani.